Nukta Nyekundu Mlangoni kwa Mwaija

Koplo Shimba hakuwahi kumtaja mama mkwe wake kwa jina. Alipolazimika kumzungumzia alisema "mama yake Tereza", na aliposikia sauti yake sokoni alihamia upande wa pili wa vibanda. Hapakuwa na ugomvi baina yao. Kwao Magu, mwanamume aliyelelewa vizuri hali chakula pamoja na mama mkwe, hapigi naye soga, na wakikutana kwenye njia nyembamba yeye ndiye anayeingia majanini mpaka mama apite. Watu wa mjini walikuwa wameanza kuyalegeza mambo hayo. Shimba hakulegeza. Mkewe Tereza alijivunia jambo hilo mbele ya dada zake. "Mume wangu ana haya," alisema.

Shida ni kwamba mama huyo aliishi juu ya kilima cha Mawe Mapana, upande wa Mkolani, na njia ya kupanda kilima ilikuwa moja tu. Ilianzia pale barabara ya gari inapokoma, mlangoni kwa Mwaija muuza chai, ikapenya kati ya majabali mawili na kutokea katikati ya uwanja wa mama yake Tereza. Hapo hapakuwa na majani ya kuingia. Kulia jabali, kushoto jabali. Aliyetaka kufika kwenye nyumba nyingine za kilimani ilimbidi apite mbele ya jiko la mama huyo, kisha ubavuni mwa mabati anamoogea.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua. Shimba alikuwa dereva wa polisi. Wenzake walipanda, yeye akabaki na gari.

Mwaka ule baada ya mvua za El Nino ukaja mradi. Ulikuja na wafadhili, kama mambo mengi ya siku hizo. Vituo vinne vya polisi vilipewa kompyuta, na kila jioni kompyuta hizo zilipigiana simu zenyewe kwa laini ya kawaida, zikapeana habari za mchana kutwa: wizi huku, ugomvi kule. Hakuna iliyokuwa mkubwa wa nyingine. Kila moja ilitunza ramani nzima, ili umeme ukiiua moja nyingine ziendelee na kazi. Juu ya Landrova ya kina Shimba ikafungwa antena nyeupe yenye umbo la uyoga, na kando ya usukani kisanduku cha kijivu kinachosikiliza setilaiti na kujua gari limesimama wapi. Lilikuwa gari pekee la aina hiyo kwa vituo vyote vinne. Mji ulikuwa umejaza watu kuliko ulivyojaza majina ya mitaa. Nyumba za milimani hazikuwa na namba, na askari mgeni aliyeelekezwa kwa fulani alizunguka mpaka jua likazama. Sasa kila tukio lingekuwa na nukta yake kwenye ramani. Shimba akapelekwa kozi Dar es Salaam, akarudi anaitwa mpimaji.

Huko kozini mwalimu alilisisitiza jambo moja. Kisanduku kinachomoka. Barabara ikiisha, kichomoe, kitie betri, tembea nacho mpaka kwenye mlango uliovunjwa. Nukta ikae pale kosa lilipotendeka, siyo pale gari liliposhindwa.

Mahali pengine pote Shimba alifanya hivyo. Alitembea nacho mashambani Buswelu akasumbuliwa na mbwa. Alikivusha mto Mirongo akiruka juu ya mawe, viatu mkononi. Lakini Mawe Mapana alifika mlangoni kwa Mwaija, akazima gari, akaagiza chai.

Mwaija alikuwa mjane wa makamo, mtu wa mjini ambaye wazee wake walitoka Ujiji. Aliuza chai, maandazi na uji wa ulezi kwenye baraza ya nyumba yake, na kikombe cha Shimba, cha bati chenye ukingo wa bluu, kilikuwa na msumari wake peke yake ukutani. Chumba cha mbele kilikuwa cha mwanawe Nurudin, aliyepunguzwa kazi kiwandani na sasa alikuwa fundi redio.

"Afande wangu, mtambo wako una mimba?" Mwaija alimwuliza siku moja. "Kila ukija unatulia hapa hapa kama unangoja kujifungua."

"Unatafuta setilaiti, mama."

"Setilaiti si ziko juu? Panda huko juu uzikaribie!"

Watu wa benchi walicheka. Shimba naye alicheka, macho ndani ya kikombe. Balozi wa nyumba kumi wa kilimani alishuka, akamweleza nani kavunjiwa mlango na nani kaibiwa kuku, na Shimba akabonyeza kitufe akiwa amekaa pale pale. Tukio la kwanza lilimchoma kidogo. La pili halikumchoma sana. Alijiambia kwamba kituoni kwao kila mtu anaijua Mawe Mapana. Akiiona nukta kwa Mwaija ataelewa kuwa ni kule juu. Na kweli kituoni kwao walielewa.

Hakufikiria vituo vitatu vingine. Kompyuta ilikuwa na desturi yake: matukio yakirundikana mahali pamoja, nukta inanenepa na kuiva. Kufikia kiangazi, mlango wa Mwaija ulikuwa duara jekundu kubwa kuliko soko, kubwa kuliko stendi, na lilionekana kwenye skrini zote nne.

Mmoja wa walioliona ni mrakibu mmoja aliyehamishiwa Mwanza kutoka mkoa mwingine. Hakujua kilima wala chai. Alichojua ni kusoma ramani, na ramani ilikuwa inapiga kelele.

Alfajiri moja Shimba aliambiwa alete gari. Askari walioingia nyuma walikuwa wa kituo kingine. Mrakibu alikaa mbele, kisanduku mapajani, hakusema wanakwenda wapi. Alisoma namba tu na kuelekeza kushoto, kulia, moja kwa moja. Walipoiacha lami ya Shinyanga na kushika barabara ya vumbi, Shimba alijua wanakokwenda. Barabara ile haikuwa na mwisho mwingine.

Angeweza kusema. Palikuwa na nafasi ya kutosha, tangu kwenye lami mpaka kwenye majabali. Alilipanga neno: afande, hapo sipo. Lakini neno hilo lingezaa swali, na swali lingezaa jibu, na jibu lenyewe lilikuwa kwamba mpimaji wa mradi, mtu wa kozi, alikuwa anaogopa kupita mbele ya jiko la mama mkwe. Alibadili gia.

"Simama," mrakibu alisema. "Mtambo unasema hapa."

Mlango ulivunjwa ingawa haukuwa na komeo la maana. Askari walitoka na redio mikononi, redio za kila aina: za mbao za zamani, za plastiki mpya zilizokuwa zikimwagika madukani miaka ile, nyingine zimefunguliwa matumbo. Hakuna iliyokuwa na risiti, kwa sababu hakuna anayempa fundi redio mbovu pamoja na risiti. Nurudin alitolewa kifua wazi, pingu mkononi, anaeleza, hasikilizwi. Mwaija akatoka nyuma yake, kashika khanga kifuani, akaangaza huku na huku mpaka akaiona sura anayoijua.

"Afande Shimba!" aliita. "Afande Shimba, waambie! Wewe si unatujua? Waambie!"

Shimba aliitazama saa ya mafuta. Ilionyesha robo tangi. Aliitazama mpaka mlango wa nyuma ukafungwa na mrakibu akasema twende.

Nurudin aliwekwa mahabusu kwenye kituo cha Shimba. Angepelekwa mahakamani Jumatatu kwa kosa la kupokea mali ya wizi, na kutoka mahakamani ni rumande, ambako watu walikuwa wanazeeka wakingoja kesi zitajwe. Mwaija alileta chakula mchana na jioni. Siku ya kwanza Shimba alijificha karakana. Siku ya pili walikutana mlangoni, na mama yule alisimama akamshika mkono.

"Usijitese, mwanangu," alisema. "Niliiona sura yako siku ile. Dereva anaambiwa peleka, anapeleka. Sina neno na wewe."

Shimba alisema asante. Alisema kweli neno hilo, asante, kisha akaingia chooni akasimama humo bila haja.

Usiku ule hakula. Tereza alimwuliza kama anaumwa, akasema ni malaria. Kesho yake, Ijumaa, aliingia chumba cha kompyuta wakati mhusika hayupo, akaitafuta Mawe Mapana na kuanza kuzisogeza nukta. Moja moja, kwa kukisia, alizipandisha kilimani. Duara jekundu lilipungua, likapauka, likawa kama upele. Alitoka akihisi ameoga.

Jumamosi asubuhi duara lilikuwa limerudi. Lote, na wekundu wake.

Mhusika wa kompyuta aliitwa Odeta, binti wa Kihaya aliyesomea kazi hiyo chuoni. Alimkuta Shimba amesimama mbele ya skrini kama mtu aliyekuta kaburi wazi.

"Shikamoo, afande. Kumbe ni wewe uliyezihamisha?"

"Marahaba. Mbona zimerudi?"

"Zimerudishwa na wenzake." Odeta alivuta kiti. "Hizi mashine ni nne. Jioni zinaulizana. Hii ya kwetu ikasema nukta ziko juu, tatu zikasema ziko chini. Mmoja hawezi kuwabishia watatu, kwa hiyo imefuata wao. Imetengenezwa hivyo makusudi, ili mtu mmoja asichezee ramani peke yake."

Odeta alimtazama, kisha akampa mlango wa kutokea bila mwenyewe kujua.

"Au ni setilaiti? Wenye setilaiti wanazipotosha kidogo kwa raia. Unaweza kukosea hatua mia hivi."

"Ndiyo," Shimba alidaka. "Itakuwa setilaiti."

"Lakini setilaiti hukosea huku na huku," Odeta aliendelea, sasa akizungumza na skrini zaidi kuliko na yeye. "Leo mashariki, kesho magharibi. Zingetawanyika. Hizi zimebanana kama kuku bandani. Hapa mtu alisimama mahali pamoja kila siku." Aligeuka polepole. "Afande, ulikuwa hupandi?"

Shimba alivua kofia. Huyu alikuwa wa umri wa binti yake.

"Njia inapita uwanjani kwa mama mkwe wangu," alisema.

Odeta alicheka. Kilimtoka kicheko kizima, cha mtu aliyesikia kichekesho kizuri asubuhi. Halafu kikakatika kikiwa bado mdomoni.

"Yaani yule kijana yuko ndani kwa sababu ya mama mkwe wako?"

Kutoka mahabusu, nyuma ya ukuta, mtu alikuwa anakohoa.

"Kuna njia moja," Odeta alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Kapime upya, kila tukio mlangoni pake. Ukirudi nitawapigia simu wenzangu wa vituo vile vitatu, tuingize wote kwa pamoja. Zikikubaliana nne, hazitarudi nyuma. Ila kila badiliko linadai sababu, na sababu inasomwa kote. Sababu utaiandika mwenyewe."

Shimba alichukua kisanduku na betri. Landrova aliiegesha mbali na baraza ya Mwaija, akapita na kisogo cha nyumba kama mwizi, na kwa mara ya kwanza maishani akaingia kati ya majabali.

Mama yake Tereza alikuwa ameanika michembe ya viazi vitamu juu ya jabali bapa lililofunika uwanja karibu wote. Alikuwa ameinama anaigeuza, na kuku wake walikuwa wanadonoa pembeni. Shimba alisimama pale njia inapotokea, akakohoa, akageuza uso kwenye jiwe. Mama alinyanyuka. Alivuta khanga ikamfunika kichwa, akampa mgongo. Wakasimama hivyo, kila mmoja na jabali lake.

Hatimaye mama aliongea, na aliongea na kuku.

"Nyie kuku, mbona mmeziba njia? Hamuoni mtu ana kazi ya serikali?" Aliwafukuza kwa upawa. "Mnangoja gari lingurume chini mwezi mwingine mzima? Mmeshasikia watu wa kilimani wanavyosema: polisi anakunywa chai, sisi tunavunjiwa."

Shimba alilitazama jiwe. Lilikuwa na sisimizi.

"Na nyie kuku," mama aliendelea, "nani atawaambia polisi kwamba redio ya mbao waliyoichukua kwa Nurudin ni yangu? Niliipeleka mwenyewe ikatiwe spika. Na ile yenye mkono uliovunjika ni ya jirani yangu hapo juu. Ningeshashuka nikasema. Lakini hapo polisi kuna mtu ambaye mimi siwezi kusimama mbele yake mezani tukatazamana kama watu wa mnada. Nikasema nisimtie aibu. Nikakaa."

Upawa ulikuwa umetulia mkononi mwake. Shimba alisikia maneno hayo yakimwingia moja baada ya jingine. Kumbe walikuwa wawili. Yeye hakupanda kwa haya, na mama hakushuka kwa haya, na katikati yao Nurudin alikuwa amelala sakafuni.

Shimba naye aliwatazama kuku.

"Nyie kuku," alisema, "mwambieni mama ashuke leo. Huyo mtu wa polisi atakuwa uani. Lakini kwanza anaomba njia. Anaomba apite."

Mama alisogeza michembe kwa mguu, akafungua uchochoro mwembamba juu ya jabali. Shimba alipita, macho chini, ubavuni mwa jiko, ubavuni mwa mabati ya kuogea. Alishinda huko juu mpaka alasiri, akienda mlango kwa mlango, na mlango kwa mlango watu walimwuliza alikuwa wapi siku zote.

Mama yake Tereza alishuka na wenye redio wengine, wakaisimulia kila redio kwa makovu yake mbele ya Inspekta Mihayo, mkuu wa kituo. Shimba alikuwa uani, kama alivyoahidi. Aliitwa baada yao. Inspekta hakupandisha sauti. Alimwuliza kama ni kweli, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Na ulikuwa unaendesha wewe," alisema. "Nenda kaandike hiyo sababu. Halafu mimi nitajua la kumweleza mrakibu, na mrakibu atajua la kukufanya wewe."

Odeta alikuwa tayari na simu sikioni. Mstari wa sababu ulikuwa unameta mtupu kwenye skrini.

"Unaweza kuandika hitilafu," alimwambia bila kumtazama. "Wengi huandika hitilafu."

Shimba aliketi. Hakuwa mwepesi wa kuchapa. Alitafuta kila herufi kwa kidole kimoja. Aliandika: Koplo Shimba hakupanda kilima. Alipimia barazani kwa Mwaija. Odeta akahesabu na wenzake kwenye simu, wakabonyeza. Duara likafutika. Badala yake vinukta vidogo vikatawanyika juu ya kilima, vyepesi, visivyomwonyesha mtu yeyote. Sentensi zile mbili fupi sasa zilikuwa kwenye vituo vyote vinne, na hakuna mashine moja ambayo ingeweza kuzimeza bila nyingine tatu kuzirudisha.

Nurudin aliachiwa Jumatatu asubuhi badala ya kupandishwa gari la mahakama. Shimba aliomba ruhusa, akamtangulia kwa miguu mpaka Mawe Mapana. Mwaija alikuwa anachochea uji. Benchi lilikuwa limejaa, na Shimba alisema mbele yao wote, kwa sababu alijua akingoja watawanyike hatasema. Alieleza kitufe, chai, njia, mama mkwe. Mzee mmoja wa benchi aliguna kwa namna ya kuelewa. Hata Mwaija alitikisa kichwa.

"Mkwe ni mkwe," alisema. "Hilo nalielewa. Ungeniambia ningecheka, lakini ningeelewa." Aliacha kukoroga. "Nakuuliza moja tu. Siku ile kwenye gari, nilipokuwa nakuita. Ulikuwa umeshajua?"

Kwenye benchi hakuna aliyegusa kikombe.

"Nilijua tangu kwenye lami," Shimba alisema.

Mwaija akarudi kwenye uji. Hakumtukana, hakumfukuza. Nurudin alipotokea kwenye kona ya barabara alimkimbilia, na watu wa benchi wakamfuata, na Shimba akabaki peke yake barazani kando ya chungu.

Mrakibu alimwondoa kwenye upimaji kwa muda, kisha akamrudisha, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekwenda kozi. Siku hizi anafika Mawe Mapana, anachomoa kisanduku na kupanda. Mama yake Tereza akimsikia akikohoa kati ya majabali anawaambia kuku wapishe, na wakati mwingine anawaambia pia kwamba mtu huyo amekonda. Shimba akishuka anapita mbele ya baraza. Mwaija anamwitikia salamu, kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Msumari uko pale pale ukutani, mtupu, na Shimba hajawahi kuuliza kikombe kiko wapi.